Wavu si kiraka: ngiri kubwa za tumbo na namna ya kuzirudisha

Hotuba kwa maafisa wa kliniki, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, Kisumu

Hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuacha wodi na zahanati asubuhi hii, ninyi mliotoka Bondo, Siaya na Vihiga, na ninyi wenyeji wa hapa Kisumu. Mnajua foleni mliyoiacha nyuma, kwa hiyo tuingie kazini.

Tuanze na neno lenyewe, maana ngiri imebebeshwa mizigo isiyo yake. Kwenye mabango ya dawa za mitishamba, ngiri ni maumivu ya kiuno, ni gesi tumboni, ni nguvu za kiume kupungua. Hapa leo ngiri ni jambo moja: ukuta wa tumbo umeachia, na kilichokuwa ndani kinatokeza chini ya ngozi. Ngiri ya kinena tunaiweka kando. Tunazungumzia ile ya katikati ya tumbo, na hasa ngiri ya kovu, inayozuka mahali mtu alipowahi kupasuliwa.

Ukubwa wake haupimwi kwa uvimbe unaouona, hupimwa kwa pengo lililo kwenye ukuta. Uvimbe mkubwa kama boga unaweza kupita katika pengo la sentimita 5, na uvimbe bapa unaoonekana kama kitambi tu ukawa na pengo la sentimita 15. Mlaze mgonjwa chali, mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto, kisha tafuta kingo za misuli kwa vidole vya mikono yote miwili na upime kati yake kwa tepu ya fundi cherehani. Uainishaji wa Ulaya wa mwaka 2009 una madaraja matatu ya upana: chini ya sentimita 4, kuanzia 4 hadi 10, na zaidi ya 10. Daraja la tatu ndilo tunaloliita kubwa, na ndilo lililotuleta hapa.

Zinatoka wapi? Nyingi tunazitengeneza wenyewe hospitalini. Katika kila watu 100 waliopasuliwa tumbo kwa mkato wa wima wa katikati, 10 hadi 20 watapata ngiri ya kovu. Upasuaji wa dharura huongeza hatari hiyo: utumbo uliotobolewa na taifodi, mimba iliyotunga nje ya kizazi na kupasuka, ajali ya bodaboda. Kidonda kinachotoka usaha ndicho kichocheo kikubwa kuliko vyote, kwa sababu usaha huyeyusha utando mgumu wa ukuta wa tumbo kabla haujashikana. Kinachofuata kwa ukubwa ni ushonaji wenyewe, na hapo tukae kidogo, kwa kuwa wengi wenu ndio mnaosaidia kufunga matumbo saa tisa za usiku.

Uzi uliotumika kufunga ukuta wa tumbo uwe na urefu wa angalau mara 4 ya urefu wa kidonda. Kidonda cha sentimita 20 kile sentimita 80 za uzi au zaidi. Hakuna mashine inayohitajika kulijua hili. Pima uzi kabla ya kuanza, pima vipande vilivyobaki ukimaliza, toa. Ukikuta umetumia sentimita 50, ujue umepiga hatua ndefu na kuvuta kwa nguvu. Mwaka 2015 Waholanzi walichapisha utafiti uitwao STITCH, wa wagonjwa 560. Nusu walishonwa kwa namna ya zamani, sindano ikiingia sentimita 1 kutoka ukingoni na hatua za sentimita 1. Wengine walishonwa milimita 5 kwa milimita 5, kwa uzi mwembamba na sindano ndogo, wakishika utando mweupe peke yake bila mafuta wala msuli. Baada ya mwaka mmoja, kundi la kwanza lilikuwa na ngiri 21 kwa kila watu 100, la pili 13. Sababu inaeleweka. Shono kubwa hufunga ndani yake mafuta na nyama, nyama hunyong'onyea, shono hulegea, na mgonjwa akikohoa uzi unakata utando kama uzi wa dukani unavyokata sabuni ya kipande. Ni kweli utafiti huo ulifanywa kwa upasuaji uliopangwa, haukuwa wa dharura. Lakini hesabu ya mara 4 haidhuru popote, na gharama yake ni dakika kumi.

Basi ngiri imeshatokea. Kwa nini tusivute kingo mbili tukashona tena? Hilo nalo lilijaribiwa Uholanzi, matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Ngiri zilikuwa ndogo, pengo lisilozidi sentimita 6. Baada ya miaka 3, walioshonwa kwa uzi mtupu ngiri ilirudi kwa 43 kati ya 100. Waliowekewa wavu, yaani mesh ya kuimarisha ukuta wa tumbo, 24. Walipofuatiliwa hadi miaka 10, uzi mtupu ulifika 63 na wavu 32. Kama pengo la sentimita 6 linawashinda uzi na mshonaji wake mara 6 kati ya 10, la sentimita 14 halina haja ya kujaribiwa. Ila tazameni pia upande wa pili wa hesabu hiyo: hata kwa wavu, karibu theluthi moja zilirudi. Wavu peke yake hauponyi. Mahali unapolazwa, na mwili unaoupokea, ndivyo vinavyoamua.

Mnaokaa karibu na ufuo wa Dunga mmewaona wavuvi wakitengeneza nyavu. Wavu uliochanika mwanya mpana, fundi hakusanyi kingo akazifunga fundo moja, maana atakuwa amehamisha mvuto kwenda pembeni na kesho utachanika hapo. Anaingiza kipande kipya na kukiunganisha mbali na mchaniko, kwenye nyuzi zilizo nzima. Wavu wa ngiri unafuata akili hiyohiyo: unavuka ukingo wa pengo kwa angalau sentimita 5 kila upande, hadi kwenye nyama isiyo na kovu.

Na wavuvi watakwambia habari ya macho ya wavu kuliko sisi. Wavu wa omena si wavu wa sangara. Francis Usher, daktari wa upasuaji wa Houston, alianza mwaka 1958 na wavu wa plastiki ya polithini. Leo tunatumia zaidi polipropilini. Macho yake yawe mapana kuliko milimita 1. Mwili huvisha kila uzi wa wavu koti la kovu, na macho yakiwa madogo makoti hayo hugusana, yanaziba tundu, wavu unageuka bati: unakakamaa, unasinyaa, mgonjwa anahisi ubao tumboni. Kuna jambo la pili. Bakteria hupenya tundu dogo sana ambalo seli nyeupe za damu, zilizo kubwa zaidi ya mara 10, haziwezi kupita. Wavu wenye vijitundu vidogo huwapa wadudu mahali pa kujificha askari wasikofika.

Uzito nao una maana. Wavu mwepesi, chini ya gramu 40 kwa mita ya mraba, ni laini na hausumbui, lakini kwa pengo kubwa umewahi kupasuka katikati. Mzito sana unakakamaa. Kwa ngiri kubwa tunachagua wa kati. Wavu wa kawaida wa polipropilini huja kwa vipimo kama sentimita 15 kwa 15 na 30 kwa 30. Kwa ngiri tunazozungumzia andikeni 30 kwa 30, kwa sababu kipande kikubwa hupunguzwa kwa mkasi, kidogo hakirefushwi. Ule uliopakwa tando upande mmoja ili usigande na utumbo una bei ya mara kadhaa ya huu wa kawaida, na mgonjwa akipewa karatasi ya kununua wavu nje aandikiwe aina, ukubwa na uzito. Duka la dawa litamuuzia chochote kilichoandikwa mesh kwenye boksi.

Kila tunapozungumza mtu huuliza kama neti ya mbu inaweza kuwa wavu wa ngiri, basi swali hilo tulijibu kabla halijaulizwa. Ni kweli, majirani zetu wa mashariki mwa Uganda walifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2016: wanaume 302, nusu wakawekewa wavu wa bei nafuu uliotokana na kitambaa cha neti, nusu wavu wa dukani. Baada ya mwaka mmoja tofauti haikuonekana. Lakini hiyo ilikuwa ngiri ya kinena, kitambaa kilichaguliwa na kutakaswa kwa utaratibu wake, na hakikuwa na dawa ya kuua wadudu. Neti mliyogawiwa na serikali ina dawa. Ibaki kitandani.

Sasa, wavu unalazwa wapi? Kuna sehemu nne. Unaweza kuwekwa juu ya utando, chini tu ya mafuta ya ngozi. Unaweza kushonwa kwenye kingo za pengo kama kiraka cha suruali. Unaweza kuwekwa nyuma ya msuli. Au ndani kabisa, ukiangaliana na utumbo. Ile ya kiraka ndiyo mbaya kuliko zote: wavu unashikilia kwenye ukingo peke yake, na ukingo wa ngiri ni kovu. Ya ndani inahitaji wavu uliopakwa. Polipropilini tupu ikigusana na utumbo hugandana nao, na miaka ikipita inaweza kuutoboa na kufungua njia ya kinyesi hadi kwenye ngozi. Ya juu ya utando ni rahisi kujifunza, na hatumlaumu daktari anayeifanya kwa ngiri ya wastani, lakini inadai ngozi ibanduliwe kwa upana, maji hukusanyika, na kidonda kikiingia usaha wavu ndio wa kwanza kufikiwa.

Nyuma ya msuli ndiko nyumbani kwake. Njia hii tumeirithi kutoka kwa Wafaransa wawili, Rives wa Reims na Stoppa wa Amiens. Misuli miwili mirefu ya katikati ya tumbo, rektasi, kila mmoja umevikwa ala kama kisu: ala ya mbele na ala ya nyuma. Wavu hulazwa kati ya msuli na ala ya nyuma. Hapo mbele yake pana nyama yenye damu tele ya kuulisha na kupigana na wadudu, nyuma yake pana ala inayoutenga na utumbo. Na mgonjwa anapokohoa, shinikizo la tumbo linaubana wavu ukutani badala ya kuusukuma nje. Nguvu iliyoitoa ngiri inageuzwa kuwa nguvu ya kuushikilia wavu.

Kabla ya kisu kuna miezi ya kazi, na kazi hii ni yenu zaidi kuliko yetu. Ngiri kubwa isiyobana si dharura. Mgonjwa anayepelekwa thieta bila kutengenezwa anarudi na usaha, na ngiri iliyorudi mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, ya tatu ni ngumu kuliko ya pili. Sigara iachwe wiki 4 kamili kwa uchache. Sukari ya miezi mitatu, kipimo cha HbA1c, iwe chini ya asilimia 8. Uzito upungue: mama wa kimo cha mita 1.60 mwenye kilo 103 amevuka BMI, kile kipimo cha uzito kwa kimo, ya 40, na kwa upasuaji uliopangwa tunamwomba asubiri. Akifika kilo 89 yuko chini ya 35 na kila kitu kinakuwa rahisi, kuanzia pumzi hadi kidonda. Msimwambie tu "punguza mwili". Mwambieni kipi kitoke kwenye sahani: soda, mandazi, vijiko vitatu vya sukari kwenye chai, nusu ya ule mlima wa ugali. Mboga na samaki vibaki.

Kikohozi kitafutiwe chanzo. Mama aliyepikia kuni jikoni miaka 30 anaweza kuwa na mapafu ya mvutaji sigara ambaye hajawahi kuvuta. Makohozi yapimwe TB. Mzee anayekamua ili akojoe atibiwe tezi dume kwanza, na anayekamua chooni atibiwe choo, la sivyo wavu utapokea mashambulizi hayo kila siku. Vidonda na ukurutu chini ya mkunjo wa tumbo vikauke. Damu ipimwe, na kwa eneo letu swali la seli mundu liulizwe kila mara, maana mgonjwa huyo hapaswi kupata baridi wala kukaukiwa maji akiwa amelala nusukaputi.

Kuna jingine la ufuoni. Kichocho cha ziwani huharibu mishipa ya ini, wengu huvimba, na waliochelewa kutibiwa hujaa maji tumboni. Kitovu kikitokeza kwa mtu wa namna hiyo, ngiri ni dalili tu. Ukiweka wavu wakati maji bado yamejaa, kidonda kitavuja na ngiri itarudi. Maji kwanza.

Mwanamke anayetarajia kuzaa tena, kama ngiri haimsumbui sana, ni heri asubiri amalize uzazi.

Picha ya CT, panapopatikana, inajibu maswali mawili. La kwanza: je, kingo zitakutana? Pima upana wa misuli yote miwili ya rektasi, jumlisha, linganisha na pengo. Misuli ya sentimita 8 na 8 ni 16; pengo likiwa 7, jumla imezidi mara mbili, na kufungua ala peke yake kwa kawaida kutatosha. Misuli ya 6 na 6 ni 12. Pengo likiwa 14, jumla haifiki hata pengo lenyewe, na hapo jiandae kuachia misuli ya ubavuni. La pili: je, tumbo lina nafasi? Matumbo yakikaa nje miaka mingi, tumbo husinyaa kama nyumba iliyohamwa na watu wake. Ujazo wa mfuko wa ngiri ukifika robo ya ujazo wa tumbo, kuyarudisha yote kwa siku moja kutasukuma kiwambo juu, mapafu yatabanwa, figo zitakosa damu. Wagonjwa hao hupelekwa kwenye hospitali kubwa zenye ICU. Huko wengine hudungwa botulinamu kwenye misuli ya ubavu, kwa kuongozwa na altrasaundi, kama wiki 4 kabla ya upasuaji. Misuli inalegea, na ulegevu hudumu takriban miezi 3. Ni dawa ghali na haihitajiki kwa kila mtu.

Siku ya upasuaji, sefazolini gramu 2 ziingie mshipani ndani ya dakika 60 kabla ya mkato, gramu 3 kwa mwenye zaidi ya kilo 120, na irudiwe saa 4 zikipita. Katheta inawekwa. Kovu la zamani linakatwa na kutolewa, na tumbo linafunguliwa mahali pasipo na kovu, juu au chini yake, kwa sababu utumbo umegandana na kovu na kisu cha haraka kitautoboa. Kuachanisha utumbo na ukuta ni kazi ya mkasi na subira. Kisu cha umeme hakitumiki hapo: joto lake huunguza utumbo bila kuonekana, kisha unatoboka siku ya nne au ya tano, mgonjwa akiwa wodini na wavu ukiwa tayari umelazwa. Saa mbili nzima zinaweza kuishia hapo. Muuguzi wa thieta asishangae, wala daktari asiharakishwe.

Ala ya nyuma hukatwa kwa urefu, nusu sentimita hadi sentimita moja kutoka ukingo wa ndani wa msuli. Ukiona nyama nyekundu umeingia penyewe. Ukiona mafuta ya manjano uko juu mno, kwenye ngozi. Kutoka hapo msuli unainuliwa, ala inasukumwa chini, hadi ufike kwenye mstari wa hilali, ule mpindo wa pembeni ambapo misuli ya ubavu inakutana na ala. Kabla kidogo ya mstari huo utaona mishipa midogo ya fahamu na damu ikiingia kwenye msuli. Hiyo ndiyo inayoufanya msuli uishi. Ukiikata umempa mgonjwa wavu mzuri mbele ya msuli uliokufa. Chini ya mstari wa upinde, sentimita chache chini ya kitovu, ala ya nyuma haipo tena. Umebaki utando laini unaopasuka kwa kuguswa, na kila tundu lake lizibwe kwa uzi wa kuyeyuka. Tundu lililosahaulika hapo ni mtego: utumbo hupenya na kunaswa kati ya ala na wavu, mgonjwa anatapika siku ya tatu, na picha ya nje inaonyesha kidonda kizuri kabisa.

Pengo likiwa pana kuliko ala inavyoweza kufikia, misuli ya ubavu inaachiwa. Mwaka 1990 Ramirez alionyesha kwamba kukata utando wa msuli wa nje na kuutenganisha kunasogeza kila upande hadi sentimita 5 juu, 10 kiunoni na 3 chini. Gharama yake ni ngozi iliyobanduliwa kwa upana, ambayo wakati mwingine hufa katikati. Tangu 2012 Novitsky na wenzake walipoieleza, wengi wamehamia kwenye TAR: msuli wa ndani kabisa, ule wa mkingamo, unakatwa kutokea nyuma, ndani kidogo ya ile mishipa ya fahamu tuliyoitaja, na mfuko wa kulaza wavu unapanuka hadi ubavuni bila kugusa ngozi. Ni upasuaji mzuri na ni hatari mkononi mwa asiyefundishwa. Kosa lake kubwa ni kukata mstari wa hilali wenyewe. Ukuta wa ubavu unaachana na msuli wa katikati, na pengo jipya linafunguka pembeni ambalo kulirekebisha ni kugumu kuliko ngiri uliyoanza nayo. Msimamo wetu ni huu: anayehitaji TAR asifanyiwe na mtu anayeisoma kwenye simu usiku wa kuamkia.

Ala ya nyuma ikishafungwa, glavu zinabadilishwa. Pakiti ya wavu inafunguliwa wakati huo, isiwe mapema, na wavu usiguse ngozi ya mgonjwa. Unalazwa ukiwa umenyooka bila mikunjo, wala haupigwi misumari mingi, kwa sababu kila mshono wa pembeni unaweza kunasa mshipa wa fahamu ukawa maumivu ya miaka. Mirija miwili ya kutolea maji inalala juu yake. Kisha ala ya mbele inafungwa katikati, milimita 5 kwa milimita 5, uzi wa kuyeyuka polepole. Kingo zinapokutana, mtu wa nusukaputi atazame shinikizo la mapafu kwenye mashine: likipanda kwa zaidi ya sentimita 6 za maji kuliko mwanzo, aseme kwa sauti, na mgonjwa huenda akabaki kwenye mashine ya kupumua hadi kesho yake.

Utumbo mpana ukitobolewa kinyesi kikamwagika, hakuna wavu siku hiyo. Osha, shona utumbo, funga tumbo kadiri linavyofungika, rudi baadaye. Inauma kumwambia mgonjwa aliyenunua wavu, lakini wavu uliooga kinyesi atakuja kuulipia mara tatu.

Wodini kesho yake asubuhi anasimama. Asipige magoti kwenye kitanda akikamua kuinuka; ageuke ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Parasetamo gramu 1 kila saa 6, enoksaparini miligramu 40 kwa siku dhidi ya damu kuganda miguuni, laktulosi ili choo kisigombane na wavu, na pumzi ndefu kumi kila saa akiwa macho. Mkanda wa tumbo humpa ujasiri wa kukohoa, ila vidole viwili viingie chini yake. Mkojo ukipungua na tumbo likawa gumu kama ngoma, pimeni shinikizo la kibofu kupitia katheta kwa mililita 25 za maji ya chumvi. Zaidi ya milimita 20 za zebaki, na figo au mapafu yakianza kushindwa, mpigieni daktari simu hapohapo. Tumbo huenda likafunguliwa tena usiku huo.

Mrija utoke ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Baadaye uvimbe wa majimaji ukitokea chini ya ngozi bila homa, usiudunge sindano. Mwingi hunyonywa na mwili kwa wiki kadhaa, na sindano ndiyo inayowapelekea wadudu njia. Kidonda kikitoka usaha, ngozi ifunguliwe, ioshwe, ifungwe kila siku. Wavu wa polipropilini wenye macho mapana, ukiwa nyuma ya msuli, mara nyingi huokoka. Tafadhali asiuvute mtu kwa koleo kwenye chumba cha kufungia vidonda.

Mgonjwa akirudi nyumbani asinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa wiki 6, na kwa zile ngiri kubwa kabisa tunasema miezi 3. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mhudumu wa afya ya jamii akifika mlangoni aulize nani anachota maji katika nyumba hiyo, maana jibu la hospitalini na jibu la nyumbani huwa mawili.

Na kuna ngiri isiyosubiri maandalizi yote haya. Ikiwa ghafla imekuwa ngumu, inauma, hairudi ndani, mtu anatapika, hatoi hewa wala choo, au ngozi juu yake imekuwa nyekundu au nyeusi, huo ni utumbo unaokosa damu na kila saa ina uzito. Asikandwe, asipewe dawa ya kuendesha, asile wala kunywa. Gari litafutwe. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa ngiri yenye shingo nyembamba, kwa hiyo msimtulize mtu kwa kuwa uvimbe wake ni mdogo.

Mkimwandikia mgonjwa barua ya kumtuma kwetu, hata kama anakwenda "Russia" hapa karibu, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, wekeni upana wa pengo kwa sentimita, idadi ya upasuaji wa awali na mwaka wa kila mmoja, kama kidonda kiliwahi kutoka usaha, uzito na kimo, sukari, sigara, kikohozi. Idhini ya SHA, bima ya afya ya taifa, iombwe mapema, na swali la kama wavu umo ndani ya malipo liulizwe kabla ya siku ya kulazwa. Naye akitoka kwetu, dai kadi yake. Ndani ya boksi la wavu huwa kuna stika yenye aina, ukubwa na namba ya toleo; ibandikwe kwenye kadi hiyo, na pembeni yake paandikwe kwa kalamu wavu umelazwa tabaka gani. Siku tumbo hilo likifunguliwa tena, labda kwa upasuaji wa kujifungua huko Migori au Busia, daktari atajua kisu chake kinakutana na nini.

Tuna nusu saa ya maswali. Tuanze na waliokaa nyuma.